Ugali wa Yanga Ndani ya Nyumba ya Simba

Hivi msomaji wangu, umewahi kumuuliza bibi yako kwa nini anapika vile anavyopika? Sisemi anapikaje, hilo hata jirani anaweza kukueleza. Nasema kwa nini. Kwa nini maharage ya kwenu lazima yaungwe kwa nazi? Kwa nini chai ya kwenu ina tangawizi na ya mpangaji wa chumba cha pili haina? Kila nyumba ina sheria zake za jikoni, hakuna aliyeziandika, na watoto wanazikuta tu kama walivyoikuta milango na madirisha.

Kwetu sheria zipo tatu. Ya kwanza, ugali unasongwa kwa sembe iliyochanganywa na unga wa muhogo, hata kama sembe imejaa ndoo mpaka juu. Ya pili, sukari haitiwi kwenye birika. Kila mtu anatia mwenyewe kwenye kikombe chake, tena akiangaliwa. Ya tatu, kitumbua kizuri ni cha watu, mtoto wa nyumbani anakula kilichopasuka. Mimi nilikua nikijua kitumbua ni kitu kilichopasuka. Siku niliyopewa kizima ugenini nilidhani kimepikwa vibaya!

Mwaka huu sababu za sheria hizi zimetoka moja baada ya nyingine, na kilichozitoa ni kuuzwa kwa nyumba.

Nieleze kwanza nyumba yenyewe. Ni nyumba ya Kiswahili, vyumba sita, vitatu kila upande wa ukumbi, na nyuma kuna ua wenye jiko, choo na mwarobaini mmoja. Ipo Gerezani, upande ambao ukikaa barazani unasikia nyundo za mafundi wa vyuma na honi za mabasi ya mwendokasi. Babu, ambaye ni marehemu sasa, aliirithi kwa mjomba wake. Alikuwa fundi wa reli, kazini kwake alikuwa anakwenda kwa miguu. Leo kushoto kwetu ni ghorofa, kulia ni ghorofa, na mbele linachimbwa shimo la ghorofa jingine. Nguo tukianika uani zinakauka kwa huruma tu, jua haliingii tena. Kariakoo ndivyo ilivyo siku hizi, kiwanja kina thamani kuliko nyumba iliyokaa juu yake. Tajiri mmoja akaja na bei, wazee wakakaa vikao, wakakubaliana. Bibi atahamia Chanika kwa shangazi mkubwa.

Basi bwana, vikao vikaanza kuorodhesha vitu. Kitanda cha samadari kwa fulani. Cherehani kwa fulani. Saa ya ukutani, masufuria, mbuzi ya nazi, chuma cha vitumbua. Vyote viliandikwa kwenye daftari. Mimi nilikuwa katibu, si unajua tena, mwandishi wa habari kwenye ukoo hakosi kazi ya bure. Nikawa naandika huku najiuliza: na vyakula je? Hivyo anarithi nani?

Nilikuwa na sababu ya kuharakisha. Kumbukumbu za bibi zimeanza kumpunguka. Mimi ananiita kwa jina la baba, siku nyingine kwa jina la babu. Anauliza habari za watu waliokwishazikwa. Lakini mpe nazi mbili na mbuzi uone. Anajua tui la kwanza liwe zito kiasi gani bila kuonja, anajua wali ukaukie wapi ndipo upalie makaa juu ya mfuniko, na hajawahi kuunguza. Ulimi unasahau, mkono haujasahau. Nikaamua maswali yangu niyapeleke jikoni badala ya sebuleni.

Bibi ni mtu wa Rufiji. Kama una rafiki Mrufiji unajua maana yake: chakula ni wali. Mpe ugali ashibe, kisha muulize kama amekula, atakwambia bado. Bonde la Rufiji limelisha mchele watu wa mbali tangu zamani, karne ya 19 mchele wake ulikuwa unavuka bahari hadi Zanzibar. Mwaka 1968 mto ulifurika vibaya, na Serikali ikawahamisha watu kutoka bondeni kwenda kwenye vijiji vipya huko kwenye miinuko. Ndiyo Operesheni Rufiji. Huko juu maji hayafiki kulisha mpunga, kinachokubali ni muhogo, korosho na miembe. Bibi wakati huo alikuwa binti wa miaka ishirini hivi. Mwaka uliofuata akaolewa mjini, Gerezani, na kila gari lililotoka kwao lilimletea kikapu cha makopa badala ya gunia la mchele. Makopa ni muhogo uliokaushwa, ukiutwanga unapata unga. Yeye mwenyewe alikuwa hataki hata kuutazama. Kwake muhogo ulikuwa ni habari ya kwamba shamba la bondeni limekwisha.

Sasa njoo mwaka 1974. Mvua zilikuwa zimekatika, watu wanahamishwa kwenda vijijini nchi nzima, mavuno yakaanguka. Wazee wetu wanaikumbuka kaulimbiu ya wakati huo, Kilimo cha Kufa na Kupona. Serikali ikalazimika kuagiza nafaka nje kwa wingi, na miongoni mwake yakaja mahindi ya njano kutoka Marekani. Kule Marekani mahindi ya njano kazi yake kubwa ni kulishia mifugo, na habari hiyo ilifika Kariakoo kabla unga haujashushwa! Rangi ilikuwa njano kweli kweli. Watu wa Dar wakautazama, wakakumbuka jezi, wakaupa jina siku hiyo hiyo: unga wa Yanga.

Kuna tatizo hapo. Babu alikuwa Simba. Tena siyo Simba wa jana, alikuwa Simba tangu ikiitwa Sunderland, kabla ya kubadili jina mwaka 1971. Klabu yake ipo Mtaa wa Msimbazi na ya mahasimu ipo kwenye kona ya Jangwani na Twiga, zote ni mwendo wa miguu kutoka kwetu. Na mwaka huo huo wa 1974, kule Nyamagana, Mwanza, Yanga ilikuwa imeifunga Simba 2-1, mechi ambayo hata sisi tuliozaliwa miaka mingi baadaye bado tunachokozwa nayo. Halafu mtu anarudi kutoka kazini, amechoka, anafunuliwa sinia, anakuta ugali wa Yanga!

Bibi anasema babu aliutazama ugali ule, akanawa mikono, akaondoka mezani bila kula. Siku ya kwanza watu wakacheka. Siku ya pili wakacheka kidogo. Siku ya tatu bibi akaona mume anakonda kwa ajili ya mpira na watoto wanaanza kumuiga. Ndipo akashusha kikapu cha makopa kilichokuwa juu ya kabati, akatwanga, akachekecha, akachanganya nusu kwa nusu na ule unga wa njano. Rangi ikafifia. Haikuwa nyeupe, lakini haikuwa Yanga tena. Babu akala.

"Alijua?" nikamuuliza bibi.

"Alijua," akasema, huku anageuza mwiko. "Alitaka tu nimtafutie njia."

Nafaka za njano zilipita zake, sembe nyeupe ikarudi, na mchanganyiko ukabaki. Hii ni nusu karne sasa. Babu amefariki, mahindi yale hakuna, na kila jioni mtu kwetu anachota unga wa muhogo kuficha rangi ambayo haipo. Mimi hilo lilinifanya niweke kijiko chini. Unaweza kula kitu maisha yako yote ukidhani ni "asili yetu", kumbe ni mke mmoja alimsaidia mumewe kushuka kutoka kwenye mti alioupanda kwa hasira.

Nikaisimulia hadithi hii kwenye kikao kilichofuata, nikitegemea vicheko. Nilivipata, isipokuwa kwa mtu mmoja. Shangazi mkubwa alikuwa amesukuma sahani pembeni. Siku hiyo pia ulikuwa ugali wa mchanganyiko.

"Mama," akasema, "ile shida imekwisha. Kwa nini tunaila mpaka leo?"

Kukawa kimya. Shangazi ana nyumba nzuri Chanika, na bibi anakwenda kukaa kwake. Alichokuwa anasema, kwa tafsiri yangu, ni kwamba chakula hiki hakitahamia. Na kwa kweli ana hoja. Sisi vijana tunazipenda hizi hadithi kwa sababu hazikutuuma. Kwetu sisi ni utamu wa zamani, kwake yeye ni njaa yenyewe.

Aliyemjibu ni shangazi mdogo. Huyu anauza nguo Mtaa wa Kongo na mzigo wake anaufuata Istanbul, kama wafanyabiashara wengi wa Kariakoo. Akasema safari yake ya kwanza Uturuki aliishi siku tatu kwa biskuti na ndizi, maana hakujua aagize nini. Siku ya nne, mitaa ya Laleli kwenye maduka ya nguo za jumla, njaa ikamshinda akaingia kwenye mgahawa mdogo. Vyakula vimepangwa nyuma ya kioo kwenye masufuria, unaonyesha kwa kidole unapakuliwa. Akaona maharage meupe kwenye mchuzi wa nyanya, pembeni wali. Akanyoosha kidole. Wenyewe maharage hayo wanayaita kuru fasulye, na wali wanauita pilav. Pilav! Ni neno lile lile letu la pilau, limetembea tu njia nyingine, na pilau yao ya kila siku haina hata iliki.

"Nikala huku machozi yananitoka," akasema. "Wali maharage! Halafu nikageuka, nikamwona yule tajiri aliyeniuzia mzigo asubuhi, meza ya pili, anakula hicho hicho. Ana maduka matatu. Hakuna aliyemuuliza kama shida yake imekwisha."

Watu wakacheka tena. Shangazi mkubwa naye akatabasamu, lakini sahani hakuirudisha. Na jambo lenyewe, kumbe, halikuwa ugali. Ugali ulikuwa mlango tu.

Hapo inabidi nirudi kwenye zile sheria mbili zilizobaki, ya sukari na ya vitumbua, maana zinatoka mwaka mmoja. Vita vya Kagera vya 1978 na 1979 vilikuwa vimekausha hazina, mafuta yamepanda bei duniani, fedha za kigeni hakuna. Maduka ya Dar yalikuwa na rafu, wauzaji na vumbi. Sukari, sabuni, mafuta ya kupikia, hamira, kila kitu ni foleni, na foleni yenyewe unaiwahi usiku kwa kuweka jiwe au ndala ishike nafasi yako. Mwaka 1983, chini ya Waziri Mkuu Edward Sokoine, ukaanza msako wa wahujumu uchumi, na mtu mwenye kilo chache za mchele chini ya kitanda alikuwa akisikia mlango unagongwa anakosa usingizi. Mshahara wa babu ulikuwa haufiki katikati ya mwezi.

Ndipo wanawake wengi wa mji huu walipoingia kwenye biashara ya chakula. Waliokaanga maandazi, waliochemsha mihogo, waliopika wali kando ya barabara, hawa tunaowaita mama ntilie. Bibi yeye akachagua vitumbua. Mchele ulikuja kwa ndugu kidogo kidogo, maana kusafirisha nafaka nyingi bila kibali kulikuwa kosa. Mafuta alijitengenezea kwa kuchemsha tui la nazi mpaka mafuta yajitenge. Sukari yote iliyopatikana kwenye foleni iliingia kwenye vitumbua. Watoto wakanywa chai kavu. Baba yangu anakumbuka kupewa pipi moja: unaimung'unya, unapiga funda la chai, unaitoa, unamwachia mdogo wako. Unaona sasa kwa nini hadi leo birika letu halitiwi sukari?

Na mwenye kubeba beseni la vitumbua kichwani, alfajiri, kuwapelekea wafanyakazi wa reli kabla ya kwenda shule, alikuwa shangazi mkubwa. Miaka kumi na miwili.

Haya yote hakuyasema kwenye kikao. Aliyasema siku ya vitumbua.

Ilikuwa Jumapili ya mwisho kabla ya kuanza kuhamisha vyombo. Bibi usiku wake, bila kumwambia mtu, alikuwa ameloweka mchele. Asubuhi tukaona anataka kupika, tukafurahi. Tukasaga mchele kwa blenda badala ya kinu, tukakamua tui, nikawasha mkaa. Mimi na daftari langu nimekaa kwenye kigoda, kila kitu naandika. Bibi akachungulia bakuli, kisha akainua kichwa.

"Unga wa jana uko wapi?"

Tukatazamana. Jana hatukupika vitumbua. Hatukupika vitumbua mwezi mzima. Akarudia, sasa kwa ukali: "Unga wa jana! Nani kautupa?" Mke wa baba mdogo akamshika bega taratibu, akamwambia mama pumzika. Wote tulifikiri jambo moja, kwamba kumbukumbu zimempeleka mbali tena. Mtu akaanza kufungua pakiti ya hamira ya dukani.

Shangazi mkubwa alikuwa amesimama kwenye mlango wa uani, hajakanyaga jikoni tangu asubuhi. Akasema, "Hajachanganyikiwa. Anataka chachu."

Akaingia. Akatueleza kwamba hamira ilipokuwa haipatikani, kila siku walibakiza unga kikombe kimoja kwenye kopo lenye mfuniko, wakaliweka karibu na jiko lililopoa. Ule wa jana ndio unaoumua wa leo, na wa leo unabakizwa kwa ajili ya kesho. Kazi ya kulilinda kopo ilikuwa yake. Likimwagika, kesho hakuna biashara, na pasipo biashara hakuna daftari wala sare. Akasema shuleni walimpa jina, wakamwita Kitumbua, kwa sababu alinuka mafuta ya nazi. Vizima vilihesabiwa kwa ajili ya kuuzwa, wao walikula vilivyopasuka. Tangu aolewe hajaweka kitumbua mdomoni.

Huku anasema hayo, mikono yake ilikuwa inakoroga. Sikumwona hata alipochukua mwiko. Akatia ile hamira kidogo, akafunika bakuli kwa kitambaa, akatazama chuma kimepakwa mafuta kiasi gani, akapunguza makaa. Bibi akakaa kwenye kigoda changu, akamwacha afanye. Vilipoumuka na kuiva, vikatoka kumi na moja vizima na kimoja kimepasuka. Shangazi akachukua kilichopasuka.

Nikamuuliza kama naweza kuandika haya. Akafikiri kidogo.

"Andika," akasema. "Lakini andika na lile jina. Ukiandika kwamba vitumbua vya mama vilikuwa vitamu tu, utakuwa umeandika uongo."

Nimeandika, shangazi.

Ninachojifunza mimi hapa ni hiki. Tukizungumzia vyakula vya nyumbani tunapenda kusema neno moja tu, utamu. Mapishi ya bibi, ladha ya zamani, na picha nzuri juu yake. Lakini sahani moja haina kumbukumbu moja. Ugali ule kwa babu ulikuwa heshima yake iliyookolewa, kwa bibi ni ushindi kwamba hakuna aliyelala njaa, kwa shangazi ni jeraha, na kwangu mimi hadi juzi ulikuwa ugali tu. Ukimuuliza mmoja ukaridhika, umepata robo ya chakula.

Na muda hautusubiri. Soko kubwa la Kariakoo bibi aliliona likijengwa na kufunguliwa mwaka 1975, na akaliona likiwaka moto usiku wa Julai 10, 2021. Soko linaweza kujengwa upya, michoro ipo. Kopo la unga wa jana halina mchoro popote. Lilikuwa kichwani mwa watu wawili, mmoja anasahau na mwingine alikuwa hataki kukumbuka.

Nyumba itakabidhiwa mwisho wa mwezi. Kwenye daftari la mgawanyo, chuma cha vitumbua kilikuwa kimeandikwa jina la baba mdogo. Shangazi mkubwa ameomba kibadilishwe, kiende Chanika. Kuhusu unga wa muhogo bado hawajaelewana, bibi ameshafunga kilo tano kwenye mfuko na kuuficha chini ya khanga zake, na sote tunajifanya hatujauona.

Wewe je? Kwenu kuna sheria gani ya jikoni ambayo hakuna anayejua ilitoka wapi? Kama mwenye jibu bado yupo, mfuate leo. Muulize akiwa ameshika mwiko. Na mwingine aliyekuwepo, hasa yule asiyekipenda chakula hicho, naye muulize.

Alamsiki.